"Mfumo haufunguki": ombi hukwama wapi kwenye seva ya Java

Fundi yeyote anayehudumia ofisi za Tabora anaijua simu hii: "Fundi, mfumo haufunguki." Basi, hakuna la ziada. Aliyepiga ana watu kwenye foleni mbele ya mizani, na kwake skrini nyeupe ni skrini nyeupe. Shida ni kwamba mafundi wengi nao huipokea taarifa hiyo ilivyo, wakaanza kuzima na kuwasha kila kitu, kusakinisha Java upya, kufuta hiki na kuhamisha kile, mpaka mfumo unarudi na hakuna anayejua ulikuwa na nini. Wiki ijayo simu inapigwa tena.

Programu ya wavuti ya Java yenye kanzidata si kitu kimoja. Ni vitu vinne au vitano vinavyojitegemea, vilivyotengenezwa na watu wasiojuana, vikakutanishwa kwenye mashine moja. Vyenyewe ni nadra kuharibika. Kinachosumbua ni pale vinapokutana: huyu anabisha hodi kwenye poti (mlango wenye namba) ambayo yule hasikilizi, au anajitambulisha kwa jina lisilojulikana, au anataka kuandika kwenye folda asiyoruhusiwa. Na kila mpaka una namna yake ya kulalamika. Ukiyajua malalamiko hayo, kusimika mfumo wa aina hii kunakuwa kazi ya mchana mmoja.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki hapa mkoani chenye mfumo wa kupokea asali. Karani anapima ndoo, anaandika namba ya mwanachama na kilo, mfumo unatoa stakabadhi. (Kilo, si lita. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kama kilo 28, na aliyeandika programu akilichanganya hilo hakuna fundi wa seva atakayeokoa mkutano mkuu.) Mwandishi wa programu amekukabidhi faili la asali.war, yaani programu nzima iliyofungashwa (WAR), pamoja na faili la SQL lenye majedwali ya kanzidata. Seva ina Ubuntu 24.04, ambayo ni aina ya Linux.

Waliomo ndani ya seva

Java yenyewe haijui lolote kuhusu wavuti. Kazi yake ni kuendesha programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo, zozote zile. Anayesikiliza maombi kutoka kwenye vivinjari, akayakabidhi kwa programu yako na kurudisha majibu, ni Tomcat, mradi ambao kampuni ya Sun Microsystems iliukabidhi kwa Apache mwaka 1999 na ambao hadi leo ndio unaoendesha mifumo mingi ya Java. Tomcat inasikiliza kwenye poti 8080. Data inakaa kwenye PostgreSQL, inayosikiliza kwenye poti 5432. Kati ya Java na PostgreSQL kuna draiva ya JDBC, mkalimani wao, faili dogo la jar ambalo watu hulisahau mpaka likosekane. Mbele ya wote unaweka nginx, inayopokea wageni kwenye poti 80 na 443 kisha inawapeleka kwa Tomcat.

Kwa nini Tomcat isikae yenyewe kwenye poti 80? Kwa sababu Linux kwa kawaida hairuhusu mtumiaji wa kawaida kufungua poti iliyo chini ya 1024, na Tomcat inaendeshwa na mtumiaji anayeitwa tomcat, asiye na mamlaka ya root, yule mtawala wa mashine nzima. Iache hivyo. Anayeiendesha kwa root ili tu apate poti 80 anampa mvamizi wa programu yake funguo za mashine nzima.

Treni ya Kigoma ikichelewa, huanzi kumuuliza aliye Dar es Salaam. Unauliza imeonekana wapi mara ya mwisho: Urambo, Kaliua au Uvinza. Na ombi la mtumiaji lifuatilie hivyohivyo, kituo kwa kituo.

Amri ya kwanza ya kuizoea ni hii:

sudo ss -ltnp

Inaorodhesha nani anasikiliza kwenye poti gani. Kama 8080 haimo, Tomcat haijawaka, na hakuna haja ya kugusa kanzidata. Kama 5432 haimo, PostgreSQL imelala, na hakuna haja ya kumlaumu mwandishi wa programu.

Anza na kanzidata

Anza huku nyuma, kwa sababu Tomcat ikiwaka bila kanzidata programu nyingi hufa wakati wa kuwaka, na makosa yatakayojaa kwenye logi (daftari la matukio ya programu) yatakupoteza njia. Ukishasakinisha postgresql kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, tengeneza mtumiaji na kanzidata yake:

sudo -u postgres createuser --pwprompt asali
sudo -u postgres createdb --owner=asali asali

Neno la kuangalia hapo ni owner. Maelekezo mengi ya zamani yanakuambia utengeneze kanzidata kwanza, halafu umpe mtumiaji haki zote kwa GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE. Mpaka PostgreSQL 14 njia hiyo ilitosha. Toleo la 15, lililotoka mwaka 2022, liliondoa ruhusa ya kila mtu kutengeneza majedwali kwenye schema ya public, yaani chumba cha majedwali ndani ya kanzidata. Ubuntu 22.04 ilikuja na toleo la 14, Ubuntu 24.04 inakuja na la 16. Fundi anayenakili maelekezo ya seva yake ya zamani anakutana na "permission denied for schema public" na kuapa kwamba haki alizitoa mwenyewe. Alizitoa kweli, ila haki juu ya kanzidata siyo haki juu ya schema iliyomo. Mfanye mtumiaji wa programu awe mmiliki wa kanzidata na jambo hili linaisha.

Sasa jaribu kuingia, na ujaribu jinsi programu itakavyoingia:

psql -h 127.0.0.1 -U asali asali

Hiyo -h usiiache. Bila hiyo, psql inapita kwenye soketi ya ndani ya Linux, na PostgreSQL huko haiulizi nenosiri: inaangalia kama jina lako la Linux linalingana na la kanzidata. Halilingani, hivyo unaambiwa "Peer authentication failed for user asali". Watu wamebadilisha manenosiri mara kadhaa kwa sababu ya kosa hili ambalo halihusiani na nenosiri hata kidogo. Java inapita kwenye TCP, njia ya mtandao, ambako nenosiri linaulizwa. Ukiingia kwa 127.0.0.1, programu nayo itaingia.

Baada ya hapo pakia lile faili la SQL ukiwa umeingia kwa jina la asali. Ukilipakia kwa jina la postgres, majedwali yatakuwa mali ya postgres, na programu itayaona bila kuruhusiwa kuyagusa.

Makosa matatu ya mpaka huu yashike kichwani, maana kila moja linakuambia ombi limefika wapi. "Connection refused" maana yake hakuna anayesikiliza kwenye poti ile: PostgreSQL imezimwa au umekosea anwani. "Password authentication failed" ni habari njema kidogo, umefika mpaka mlangoni na nenosiri tu ndilo lililokosewa. "Relation ... does not exist" ni njema zaidi: umeingia ndani kabisa, jedwali tu ndilo halipo. Kwa karani zote tatu ni "mfumo haufunguki".

Tomcat 10 na faili la zamani

Hapa ndipo siku nzima inaweza kupotea, kwa sababu kosa lenyewe mara nyingi halisemi kitu. Unaweka faili mahali pake:

sudo cp asali.war /var/lib/tomcat10/webapps/

Tomcat inalifungua yenyewe na kuunda folda ya asali pembeni. Jina la faili ndilo linalokuwa njia kwenye anwani: asali.war inapatikana kwa /asali, Asali.war kwa /Asali, na Linux haichanganyi herufi kubwa na ndogo. Ukitaka programu ifunguke bila kiambatisho chochote, faili liite ROOT.war, kwa herufi kubwa hivyohivyo.

Unafungua kivinjari, unapata 404, yaani ukurasa haupatikani. Logi inasema programu imewekwa vizuri. Hakuna kosa, hakuna onyo.

Uchunguzi unaanzia mwaka 2017, Oracle ilipoamua kuikabidhi Java EE, yaani ule mkusanyiko wa kanuni za programu za wavuti za Java, kwa taasisi ya Eclipse. Kanuni zilikwenda, lakini haki ya kuendeleza vifurushi chini ya jina la javax haikwenda. Kwa hiyo Jakarta EE 9, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ilibadilisha majina yote: javax.servlet ikawa jakarta.servlet, na kadhalika. Tomcat 9 inaelewa javax. Tomcat 10 inaelewa jakarta. Programu iliyoandikwa kwa javax ikiingia ndani ya Tomcat 10 ni kama haipo. Tomcat inatafuta vitu vya jakarta ndani ya faili, haivioni, na inakupa 404 bila kinyongo. Kama programu ina web.xml (faili la mipangilio yake) inayotaja vitu vyake kwa majina, utabahatika kuona kosa linalotaja javax.servlet, na hapo utajua mara moja.

Ubuntu 22.04 ina Tomcat 9 na 24.04 ina Tomcat 10. Unganisha na ile habari ya PostgreSQL: maelekezo yaleyale yaliyofanya kazi kwenye seva ya zamani yanakwama sehemu mbili kwa mpigo kwenye mpya, na sehemu zote mbili hazina uhusiano na programu yako. Ndiyo maana napendekeza swali la kwanza kwa mwandishi wa programu liwe "umeandika kwa javax au jakarta, na kwa Java toleo gani?" Akijibu kwamba ametumia Spring Boot 3 au Spring 6 (Spring ni zana maarufu ya kuandikia programu za Java), hiyo ni jakarta na inahitaji Java 17 au zaidi. Akisema Spring 5, hiyo ni javax.

Dawa ziko mbili. Ama unapakua Tomcat 9 kutoka Apache na kuiweka mwenyewe, ama unalipitisha faili kwenye kifaa cha kuhamisha ambacho mradi wa Tomcat wenyewe unakitoa, kinachobadilisha majina na kutoa WAR mpya. Mimi ningeanza na hicho cha pili, kwa sababu masahihisho ya Tomcat ya apt, yakitolewa, huja pamoja na ya mfumo mzima, wakati ile ya kuweka kwa mkono husahauliwa.

Toleo la Java lina malalamiko yake pia: UnsupportedClassVersionError, likifuatwa na namba kama 61.0. Toa 44 kwenye namba hiyo unapata toleo linalotakiwa. 61 ni Java 17, 65 ni Java 21, 55 ni Java 11.

Draiva ikae wapi

Programu inahitaji kujua kanzidata ilipo, jina na nenosiri. Kuna wanaoviandika ndani ya WAR, na kila nenosiri likibadilika lazima faili lijengwe upya. Njia safi ni kuviweka nje, kwenye faili la /etc/tomcat10/Catalina/localhost/asali.xml, ambapo Tomcat yenyewe inafungua miunganisho na kuiazima programu. Tatizo linakuja kwenye draiva. Kwa kuwa sasa anayefungua miunganisho ni Tomcat, draiva lazima iwe kwenye folda ya lib ya Tomcat. Ikiwa imo ndani ya WAR tu, Tomcat haiioni, na utasoma "Cannot load JDBC driver class 'org.postgresql.Driver'" huku mwandishi wa programu akikuapia kwamba kwake inafanya kazi. Ukiona URL imeandikwa 'null' kwenye kosa, tatizo ni jingine: jina la rasilimali kwenye asali.xml halilingani na lile ambalo programu inaliita.

Programu nyingi mpya za Spring Boot hazina haya yote kwa sababu hubeba Tomcat ndani yao na huendeshwa kwa java -jar. Ni rahisi, mradi usiziwashe kwa mkono na kuondoka. Ziandikie huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Iliyowashwa kwa nohup (amri ya kuiacha programu ikiendelea ukishatoka) itakaa mpaka umeme utakapokatika, basi.

Ruhusa ambazo ls haionyeshi

Mfumo wetu unahifadhi picha za stakabadhi kwenye /srv/asali. Umetengeneza folda, umeifanya mali ya tomcat, ls -l inaonyesha kila kitu kiko sawa. Karani anapakia picha na logi inasema "Read-only file system". Mtu anaanza kudhani diski imeharibika.

Diski ni nzima. Huduma ya Tomcat inayokuja na Ubuntu na Debian imefungwa na systemd: haiwezi kuandika popote isipokuwa kwenye folda chache zilizotajwa, kama webapps na ile ya logi. Ni ulinzi mzuri, lakini hautangazwi. Andika sudo systemctl edit tomcat10, kisha ongeza:

[Service]
ReadWritePaths=/srv/asali

Washa huduma upya, imekwisha. Usilitatue kwa chmod 777. Haitasaidia hapa hata kidogo, na utakuwa umeiacha folda wazi kwa kila mtu.

Mlango wa mbele

nginx haina makuu. Mstari wa proxy_pass http://127.0.0.1:8080; ndio kiini, pamoja na vichwa vya X-Forwarded-For na X-Forwarded-Proto ili programu ijue mgeni ametoka wapi na kama amekuja kwa HTTPS. Vikikosekana, programu inadhani kila mtu amekuja kwa HTTP na inamrudisha huko kila akiingia. Cheti cha HTTPS cha bure cha Let's Encrypt kinadumu siku 90 na programu ya certbot inakihuisha yenyewe.

Malalamiko ya nginx ni ya namba. 502 ina maana nginx iko hai na Tomcat haijibu. 504 ina maana Tomcat imepokea lakini imechelewa; kwa kawaida nginx inasubiri sekunde 60 tu, na ripoti ya msimu mzima inaweza kuzidi hapo. 413 ina maana faili ni kubwa mno, kwa sababu kikomo cha mwanzo ni MB 1 na picha ya simu yoyote ya leo inakipita. Ongeza client_max_body_size.

Fayawoli ya ufw ifungue 80, 443 na SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) peke yake. 5432 na 8080 hazina biashara na mtu wa nje. Ruhusu OpenSSH kabla ya kuandika ufw enable. Kama seva imekodiwa Dar es Salaam nawe uko Tabora, kukosea mpangilio huo ni kuanza kumbembeleza mtu wa huko aingie kwa niaba yako.

Logi ya kusoma

Tomcat ina logi zaidi ya moja, na wengi husoma isiyo sahihi. Kwenye ile ya catalina utakuta mstari huu programu inapokataa kuwaka: "One or more listeners failed to start. Full details will be found in the appropriate container log file". Wanaishia hapo, wananakili mstari huo na kuutafuta intaneti, wanapata majibu ya matatizo ya watu wengine. Faili linalotajwa liko folda ileile ya /var/log/tomcat10, linaanza na localhost na kufuatiwa na tarehe. Lifungue, shuka mpaka kwenye "Caused by" ya mwisho kabisa. Zilizotangulia ni watu wanaorushiana lawama. Ya chini kabisa ndiyo iliyoanza.

Umeme, kumbukumbu na saa

Kwa chama ambacho mizani na kompyuta viko jengo moja, naona seva ya ofisini inatosha, na intaneti ikikatika upimaji unaendelea. Ila iwe na UPS. PostgreSQL imetengenezwa kuvumilia kuzimika ghafla, huandika mabadiliko kwenye jarida lake kwanza na umeme ukirudi inajirekebisha kutoka humo. Diski za bei rahisi zinazodai zimeandika kabla hazijaandika ndizo zinazoharibu hesabu hiyo. Kabla hujaondoka, zima mashine nzima na kuiwasha, kisha kaa mbali na kibodi. Mfumo ukifunguka wenyewe, umemaliza. Usipofunguka, huenda kuna huduma iliyowashwa kwa systemctl start bila enable.

Kumbukumbu ya mashine ikiwa ndogo, Tomcat inaweza kupotea katikati ya kazi bila kuacha neno kwenye logi zake. Tazama journalctl -k. Ukikuta "Out of memory: Killed process" ikiitaja java, Linux ndiyo iliyoiua ili mashine ipumue. Hiyo ni tofauti na "Java heap space" kwenye logi ya Tomcat, ambapo Java yenyewe imefika kikomo chake. Java hujiwekea kikomo cha robo ya kumbukumbu yote. Unakibadilisha kwa -Xmx kwenye JAVA_OPTS ndani ya /etc/default/tomcat10. Kosa la kwanza mara nyingi linataka upunguze namba hiyo au uongeze RAM, la pili linataka uipandishe.

Kuhusu saa, seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Mchana hakuna anayegundua. Lakini asali iliyopokelewa kati ya saa sita na saa tisa usiku, lori likichelewa kutoka Sikonge, inaandikwa tarehe ya jana, na mwisho wa mwezi inahamia mwezi uliopita. Andika timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha uiwashe Tomcat upya, maana Java husoma saa za eneo inapowaka, na draiva ya PostgreSQL huichukua kutoka kwa Java.

Nakala rudufu

pg_dump -Fc kila usiku kwa cron, mwendesha ratiba wa Linux, na faili lihamishwe nje ya mashine hiyo, hata kama ni kwenye kompyuta ya mhasibu. Lakini pg_dump inachukua kanzidata peke yake. Picha za stakabadhi ziko /srv/asali, nenosiri na mipangilio viko /etc/tomcat10, na asali.war yenyewe huenda ipo kwenye kompyuta ya mwandishi aliyeshahama mkoa. Vyote vinne viende pamoja. Mara moja kwa mwezi tengeneza kanzidata tupu ya jina jingine, rudishia ndani yake kwa pg_restore, kisha hesabu stakabadhi na umwulize karani kama idadi inalingana na kitabu chake.